John Akii-Bua: Aliyeruka viunzi vyote isipokuwa siasa

SEPTEMBA 2, 1972, wanaume wanane walijipanga katika Uwanja wa Olimpiki wa mjini Munich, iliyokuwa Ujerumani Magharibi, kwa ajili ya fainali ya mbio za mita 400 za kuruka viunzi.

Miongoni mwao alikuwamo bingwa mtetezi, Mwingereza David Hemery, aliyekuwa akishikilia rekodi ya dunia ya sekunde 48.12. Alikuwamo pia Mmarekani Ralph Mann, mmoja wa wakimbiaji waliokuwa wakihofiwa mno kwa wakati ule.

Katika njia ya kwanza, ile ya ndani kabisa ambayo wakimbiaji wengi huikwepa kwa sababu kona zake ni kali, alisimama askari polisi kutoka Uganda mwenye umri wa miaka 22. Jina lake lilikuwa John Akii-Bua.

Muda usiotimia dakika moja baadaye, askari huyo alikuwa bingwa wa Olimpiki na binadamu wa kwanza kukimbia umbali huo kwa muda ulio chini ya sekunde 48. Saa ya uwanja ilisomeka sekunde 47.82.

Kwa kipimo chochote cha michezo, huo ulipaswa kuwa mwanzo wa utawala wa miaka mingi. Haikuwa hivyo. Akii-Bua hakupata tena nafasi ya kugombea medali ya Olimpiki akiwa katika ubora wake, na miaka saba baada ya ushindi huo alikuwa mkimbizi katika nchi ya jirani.

Kwa Watanzania kisa chake kina uzito wa pekee. Matukio makubwa yaliyoamua hatima yake, ukiacha mbio zenyewe, yaliigusa Tanzania kwa namna moja au nyingine, ingawa yeye mwenyewe hakuwa na ugomvi wowote na nchi hii.

Mtoto wa chifu

Akii-Bua alizaliwa Desemba 3, 1949, Abako, katika eneo la Lango kaskazini mwa Uganda. Baba yake alikuwa chifu wa kaunti, mtu mwenye mali ya ng'ombe na mji mkubwa uliojaa wake na watoto. Simulizi za familia hiyo zinataja watoto 43.

Katika mji wa namna hiyo mtoto hujifunza mapema kushindana. Kijana huyo alilelewa akichunga mifugo na kukimbizana na ndugu zake, katika maisha ambayo mamilioni ya vijana wa Afrika Mashariki wanayafahamu vizuri.

Baba yake alifariki dunia wakati yeye bado kijana mdogo, na masomo yake yakakoma mapema. Kwa muda alifanya kazi katika baa ya ndugu yake, kisha akashika njia ya Kampala na kujiunga na jeshi la polisi.

Kwa vijana wengi wa Afrika Mashariki wa miaka ile, polisi, jeshi na magereza ndiko kulikokuwa na viwanja, makocha, vifaa na, zaidi ya yote, mshahara. Kijana mwenye miguu myepesi aliyevaa sare alikuwa na uhakika wa chakula na muda wa mazoezi.

Ndani ya polisi alikutana na Jorem Ochana, askari mwenzake aliyekuwa bingwa wa Afrika wa kuruka viunzi na aliyeiwakilisha Uganda katika Olimpiki ya Tokyo mwaka 1964. Ochana ndiye aliyemfundisha misingi ya mchezo huo, na mafunzo yake hayakuwa ya kubembelezana.

Mruka viunzi anayenyanyuka juu mno hupoteza muda hewani. Ili kumzoeza mwanafunzi wake kuinama anapovuka, Ochana aliweka ufito mlalo juu ya viunzi, na kila aliponyanyua kichwa kupita kiasi aliugonga. Akii-Bua aliondoka katika mafunzo hayo na kovu kwenye paji la uso.

Kocha kutoka Uingereza

Mwaka 1968 aliwasili Uganda kocha kijana kutoka Uingereza, Malcolm Arnold, kuinoa timu ya taifa ya riadha. Huyu ndiye aliyekuja kuwa kocha wa Colin Jackson, Mwingereza aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 110 za viunzi mwaka 1993. Wakati ule, hata hivyo, hakuwa na jina.

Akii-Bua alikuwa akikimbia mita 110 za viunzi. Arnold aliona kwamba kijana huyo alikuwa na kasi, lakini alikuwa na kitu kingine adimu zaidi, nacho ni uwezo wa kuvumilia maumivu. Alimshauri ahamie mita 400.

Mbio hizo wanariadha wengi huziogopa. Mkimbiaji huzunguka uwanja mzima kwa kasi inayokaribia ya mita 400 za kawaida, huku akiruka viunzi 10, kila kimoja kikiwa na urefu wa sentimita 91.4. Umbali kati ya kiunzi na kiunzi ni mita 35, na hesabu ya hatua katika umbali huo ndiyo siri ya mchezo wote.

Anayepiga idadi ya hatua isiyogawanyika kwa mbili, kama 13 au 15, hufika kila kiunzi akitanguliza mguu uleule. Anayepiga hatua 14 hulazimika kubadilisha mguu kila mara. Wakimbiaji wengi wa wakati ule walikuwa na mguu mmoja tu wa kutanguliza, hivyo walipochoka waliruka kutoka hatua 13 hadi 15 na kupoteza muda mwingi.

Akii-Bua aliweza kutanguliza mguu wa kulia au wa kushoto bila kuyumba. Uwezo huo ulimsaidia hasa kwenye kona, na ulikuja kumfaa sana pale alipopangiwa njia ya ndani mjini Munich.

Katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya mwaka 1970 mjini Edinburgh, Scotland, alishika nafasi ya nne huku akisumbuliwa na maumivu ya mgongo. Mwingereza John Sherwood ndiye aliyetwaa dhahabu. Kwa kijana aliyekuwa bado mgeni katika mbio hizo yalikuwa matokeo mazuri, lakini nafasi ya nne haina medali.

Mwaka uliofuata, katika mashindano kati ya Marekani na Afrika yaliyofanyika Durham, North Carolina, alishinda kwa sekunde 49.0, muda uliomweka kileleni mwa orodha ya dunia ya mwaka huo.

Mazoezi yaliyofuata yalikuwa ya kutisha. Akii-Bua alikimbia vilima vya Kampala na kuruka viunzi virefu kuliko vya mashindano, akiwa amevaa fulana nzito yenye uzito wa kilo 11 hivi. Hoja ya kocha ilikuwa nyepesi kueleweka: atakayezoea kuruka akiwa amebeba mzigo, atajiona anapaa siku atakapoutua.

Munich kabla ya kengele

Nje ya uwanja, Uganda ilikuwa imeshabadilika. Januari 25, 1971, Meja Jenerali Idi Amin alimpindua Rais Milton Obote, ambaye alipewa hifadhi Tanzania na Mwalimu Julius Nyerere. Obote alikuwa Mlango, kabila moja na Akii-Bua, na baada ya mapinduzi askari wengi wa makabila ya Lango na Acholi waliuawa kambini.

Hivyo mkimbiaji aliyekuwa akijiandaa kuipeperusha bendera ya Uganda alikuwa mtumishi wa serikali iliyolitazama kabila lake kama adui.

Mwanzoni mwa Agosti 1972, wiki chache kabla ya michezo kuanza, Amin alitangaza kuwafukuza Waasia nchini mwake na kuwapa siku 90 kuondoka. Timu ya Uganda ilikwenda Munich ikitoka katika nchi iliyokuwa ikizungumziwa duniani kote kwa ubaya.

Hata safari yenyewe ilikuwa mashakani. Nchi za Afrika zilitishia kususia michezo ile iwapo Rhodesia, iliyokuwa chini ya utawala wa walowezi wachache, ingeruhusiwa kushiriki. Siku chache kabla ya ufunguzi Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilikubali kuiondoa Rhodesia, na wanariadha wa Afrika wakabaki. Mwaka huo siasa ilimpisha Akii-Bua. Miaka minne baadaye haikumpisha.

Sekunde 47.82

Fainali ilipoanza, Hemery alichomoka kwa kasi iliyowashangaza watazamaji. Bingwa huyo mtetezi alikuwa ameamua kuwamaliza wenzake mapema, kama alivyofanya Mexico mwaka 1968. Hadi nusu ya mbio mpango wake ulionekana kufanikiwa.

Akii-Bua, kutoka njia ya kwanza, aliwaona wote wakiwa mbele yake. Hakupaparika. Alikwenda kiunzi baada ya kiunzi, na walipoikaribia kona ya mwisho pengo lilianza kuyeyuka.

Wakitoka kwenye kona hiyo Hemery alikuwa ameanza kulipa gharama ya kasi yake, wakati Mganda yule ndiyo kwanza alionekana kuanza mbio. Alimfikia, akampita, na kuvuka viunzi vya mwisho akiwa peke yake.

Nyuma yake Mann alimpokonya Hemery medali ya fedha kwa tofauti ya mia moja ya sekunde, 48.51 kwa 48.52. Mshindi alikuwa amewaacha wote wawili kwa karibu sehemu saba za kumi za sekunde, pengo kubwa mno katika fainali ya Olimpiki.

Rekodi ya Hemery iliwekwa Mexico, mji ulio juu sana ya usawa wa bahari ambako hewa nyepesi huwasaidia wakimbiaji wa mbio fupi. Akii-Bua aliivunja katika mji usio na msaada huo, tena akiwa njia ya kwanza. Wataalamu wa riadha walizihesabu sababu hizo na kukubaliana kuwa walikuwa wameshuhudia jambo la ajabu.

Alipovuka mstari hakusimama. Aliendelea kukimbia kuzunguka uwanja, akirukaruka kama kwamba bado kulikuwa na viunzi mbele yake, huku akipunga mikono na kubeba bendera ya nchi yake. Wapo wanaoamini kwamba desturi ya washindi kuzunguka uwanja na bendera za mataifa yao ilianzia hapo.

Ilikuwa medali ya kwanza ya dhahabu ya Olimpiki kwa Uganda. Pia ilikuwa mara ya kwanza kwa Mwafrika mweusi kutwaa dhahabu katika mbio zilizo chini ya mita 800. Hadi siku hiyo wengi walidhani Afrika Mashariki ni ya mbio ndefu tu, za akina Kipchoge Keino na Naftali Temu wa Kenya.

Siku tatu baadaye furaha ya Munich ilizimwa na shambulio la wanamgambo wa Kipalestina dhidi ya timu ya Israel, lililogharimu maisha ya Waisraeli 11. Dunia ikawa na habari nyingine ya kusimulia.

Shujaa ndani ya ngome ya Amin

Akii-Bua alipokewa nyumbani kama mfalme. Amin, ambaye naye aliwahi kuwa bondia na alipenda sana kupigwa picha na wanamichezo, alimpandisha cheo na kumzawadia nyumba. Barabara moja mjini Kampala ilipewa jina lake.

Lakini zawadi hizo zilitolewa katika wakati mbaya. Septemba 17, 1972, wiki mbili tu baada ya fainali ya Munich, wapiganaji wanaomuunga mkono Obote waliivamia Uganda wakitokea Tanzania. Uvamizi huo ulishindwa, na Amin akajibu kwa kuwasaka wote aliowashuku. Jaji Mkuu wa Uganda, Benedicto Kiwanuka, alitekwa ofisini kwake mwezi huohuo na hakuonekana tena.

Walango walikuwa wa kwanza kushukiwa. Bingwa wa Olimpiki aliishi katika hali isiyo ya kawaida: rais alimsifu hadharani, huku watu wa kabila lake wakitoweka mmoja baada ya mwingine.

Januari 1973 alishinda dhahabu katika Michezo ya Afrika mjini Lagos, Nigeria, na kuthibitisha kwamba Munich haikuwa bahati. Baada ya hapo maandalizi yake yalizidi kuwa magumu. Kocha Arnold alikuwa amerejea Uingereza, uchumi wa Uganda ulikuwa ukiporomoka, na mwanariadha anayehitaji kukutana na wapinzani wakubwa kila msimu alibaki akifanya mazoezi karibu peke yake.

Aliendelea hivyohivyo. Lengo lake lilikuwa moja: Montreal, Canada, mwaka 1976.

Mlango uliofungwa Montreal

Huko Marekani alikuwa ameibuka mwanafunzi mrefu wa chuo, Edwin Moses, aliyeweza kufanya jambo ambalo Akii-Bua hakuwahi kulifanya, yaani kupiga hatua 13 kati ya viunzi vyote bila kubadilisha. Mashabiki wa riadha walisubiri kuwaona wawili hao wakikutana.

Hawakukutana. Timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini, wakati ambapo makaburi ya watoto wa shule waliopigwa risasi Soweto Juni 16, 1976, yalikuwa bado mabichi. Afrika ilitaka New Zealand iondolewe kwenye Olimpiki. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilikataa, ikidai kuwa raga haikuwa mchezo wa Olimpiki.

Tanzania ilikuwa mstari wa mbele katika kususia, na nchi nyingine zaidi ya 20 zikafuata. Uganda ilikuwa miongoni mwa zilizojiondoa.

Watanzania wanaikumbuka bei ya uamuzi huo kwa jina la Filbert Bayi, aliyekuwa akishikilia rekodi ya dunia ya mita 1,500 tangu Christchurch mwaka 1974. Dunia nzima ilikuwa ikisubiri pambano lake na John Walker wa New Zealand. Walker alikimbia bila Bayi na kutwaa dhahabu.

Jina la Akii-Bua halitajwi sana katika habari hiyo, ingawa hasara yake ilikuwa kubwa vilevile. Bayi alipoteza nafasi ya kuchukua taji. Mganda huyu alipoteza nafasi ya kulitetea. Moses alishinda kwa urahisi mkubwa, na katika fainali hiyohiyo akaifuta rekodi ya Munich kwa takriban sehemu mbili za kumi za sekunde.

Ni kweli kwamba mwaka huo Akii-Bua alikuwa na majeraha, na hakuna anayeweza kuapa kwamba angemshinda Moses, ambaye baadaye alikaa karibu miaka 10 bila kushindwa. Lakini mchezaji huhukumiwa kwa mbio alizokimbia. Yeye hakupewa nafasi ya kukimbia.

Uamuzi wa kususia ulikuwa wa haki, na historia imeuthibitisha. Utawala wa kibaguzi ulihitaji kuonyeshwa kwamba dunia haiwezi kucheza huku watoto wakiuawa. Hata hivyo, haki hiyo ilikuwa na walipaji, na wengi wao hawakuulizwa kama wapo tayari kulipa.

Vita na ukimbizi

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yaliivamia Tanzania na kuikalia sehemu ya Kagera. Mwalimu Nyerere alilitangazia taifa kwamba nia ya kumpiga, sababu ya kumpiga na uwezo wa kumpiga vilikuwapo. Aprili 11, 1979, majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda waliiteka Kampala.

Kwa Waganda wengi ilikuwa siku ya ukombozi. Kwa Akii-Bua ilikuwa siku ya hofu ya aina mpya. Kwa miaka minane aliogopwa na serikali kwa sababu ni Mlango. Sasa alikuwa hatarini kuonekana kama mtu wa Amin, kwa sababu alikuwa ofisa wa polisi aliyepewa cheo na nyumba na dikteta huyo.

Aliikimbia nchi na kuingia Kenya na familia yake, akaishia katika kambi ya wakimbizi. Inaelezwa kuwa katika msukosuko huo mkewe alijifungua kabla ya wakati, na mtoto hakuishi.

Kwa wakazi wa Mkoa wa Katavi, sura hii ya maisha yake haihitaji maelezo marefu. Tangu miaka ya 1970 makazi ya Katumba na Mishamo yamepokea maelfu ya watu waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 nchini Burundi, mwaka uleule wa Munich. Kuanzia hapo hadi Mwamkulu, katika mashamba ya mpunga ya Manispaa ya Mpanda, watu wanajua kuwa mkimbizi naye alikuwa na jina, kazi na heshima huko alikotoka.

Katika foleni ya kambi hakuna anayeuliza nani aliwahi kuvunja rekodi ya dunia. Bingwa wa Olimpiki alikuwa namba kama wengine.

Habari za hali yake ziliwafikia marafiki zake wa riadha huko Ulaya. Kampuni ya Puma ya Ujerumani, ambayo viatu vyake alivivaa Munich, ilisaidia kumtoa na kumpa kazi katika mji wa Herzogenaurach, yalipo makao yake makuu. Alirudi kuishi katika nchi iliyompa ushindi wake mkubwa, safari hii kama mtu anayeanza upya.

Mwaka 1980 aliivaa tena jezi ya Uganda katika Olimpiki ya Moscow. Alikuwa na umri wa miaka 30, baada ya misimu mingi ya kukosa mashindano ya kutosha na mwaka mmoja wa ukimbizi. Alifika nusu fainali na kuishia hapo. Volker Beck wa Ujerumani Mashariki alitwaa dhahabu kwa sekunde 48.70, muda ambao Akii-Bua aliushinda kwa mbali miaka minane nyuma.

Katika michezo hiyohiyo Bayi na Suleiman Nyambui waliipatia Tanzania medali zake mbili za fedha, ambazo hadi Olimpiki ya Paris mwaka 2024 zilikuwa bado ndizo pekee katika historia ya nchi. Kwa hiyo Bayi walau alipata faraja ya kuchelewa. Mwenzake wa Uganda hakupata.

Kurudi nyumbani

Mwaka 1983 Akii-Bua alirejea Uganda, akarudi katika jeshi la polisi na kufundisha vijana riadha. Nchi aliyoikuta ilikuwa imechoka. Viwanja vilikuwa vimechakaa, na kizazi kilichokuwa kikikua kilimfahamu kwa kusimuliwa tu.

Alifiwa na mkewe akabaki na watoto wengi wa kulea. Aliendelea kupanda vyeo katika polisi, bila makuu na bila kelele, akiishi maisha ya mtumishi wa umma wa kawaida.

Juni 20, 1997, alifariki dunia mjini Kampala akiwa na umri wa miaka 47, na kuacha watoto 11. Serikali ilimpa mazishi ya kitaifa, heshima ambayo ingemfaa zaidi akiwa hai.

Uganda ilisubiri miaka 40 kupata dhahabu nyingine ya Olimpiki. Ilikuja Agosti 12, 2012, mjini London, pale Stephen Kiprotich aliposhinda mbio za marathoni. Baada yake wamekuja Joshua Cheptegei na Peruth Chemutai, na leo nchi hiyo inahesabiwa miongoni mwa mataifa makubwa ya riadha.

Wote hao wamekuta mlango ukiwa umeshafunguliwa. Aliyeufungua anakumbukwa kwa barabara mjini Kampala na kwa uwanja wa michezo wa mjini Lira, katika eneo la Lango alikozaliwa, unaoitwa kwa jina lake.

Rekodi yake imeshapitwa mara nyingi. Mwaka 2021 mjini Tokyo, Karsten Warholm wa Norway alikimbia mbio hizohizo kwa sekunde 45.94. Hilo ndilo kusudi la rekodi, na si aibu kwa aliyetangulia.

Kinachouma katika maisha ya Akii-Bua ni kwamba alishindwa mara chache sana uwanjani, na mara nyingi nje yake. Njia ya kwanza aliyopangiwa Munich haikumzuia kushinda. Mapinduzi, mgomo na vita vilimpangia njia nyingine ambazo hazikuwa na mstari wa kumalizia.

Tanzania haina sababu ya kujutia msimamo wake dhidi ya ubaguzi wala vita yake dhidi ya Amin. Inayo sababu, hata hivyo, ya kumkumbuka jirani huyu kila inapohesabu gharama za maamuzi hayo, kwa kuwa sehemu ya gharama hizo aliilipa yeye.